Namna ya Kuchunguza na Kuandika Kazi ya Mtaalamu wa Virusi: Mfano wa Profesa Jean-Jacques Muyembe

Wasifu mwingi wa wanasayansi unaoandikwa kwa Kiswahili huishia kwenye mambo matatu: mtu alizaliwa wapi, alisoma hadi wapi, na alitunukiwa nini. Msomaji humaliza akijua kwamba mhusika ni mtu mkubwa, lakini hajui ukubwa huo umetoka wapi, wala hawezi kumweleza mwenzake ni kitu gani kilibadilika kwa wagonjwa kwa sababu ya kazi ya mtu huyo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, mwalimu, mwandishi wa habari au mhariri wa kamusi elezo anayetaka kuiandika kazi ya mtaalamu wa virusi kwa undani unaoistahili.

Nitaufafanua kwa mfano mmoja tu, wa Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kazi yake inaanzia Yambuku mwaka 1976, pale ugonjwa uliokuja kuitwa Ebola ulipotokea kwa mara ya kwanza nchini humo, na inafika hadi kwenye dawa iliyojaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, maeneo ambayo Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na ya wodini. Wasomaji wa Kiswahili wana haki ya kuielewa kazi hiyo kwa lugha yao, na kuielewa vizuri.

Utaratibu ninaoupendekeza unakwenda kinyume na mazoea. Fuata kwanza swali ambalo mtaalamu amelishikilia, kisha sampuli zilikopita, kisha makala zilizoandikwa, na takwimu za kunukuliwa, yaani makala zake zimetajwa mara ngapi katika makala za wengine, uziangalie baada ya hayo yote. Anayeanza na takwimu huwa ameshatoa hukumu kabla ya kuusikiliza ushahidi.

Tafuta swali lililodumu

Chukua daftari au faili tupu na uandike miaka upande wa kushoto. Mbele ya kila mwaka andika mambo mawili: mtaalamu alikuwa wapi, na alikuwa akitafuta nini. Kwa Muyembe, mistari ya mwanzo ni michache na inapatikana kwa urahisi. Alizaliwa mwaka 1942 katika eneo la Bandundu, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Kinshasa mwaka 1969, kisha akaenda Ubelgiji na kupata shahada ya uzamivu ya elimu ya virusi katika Chuo Kikuu cha Leuven, kwenye Taasisi ya Rega, mwaka 1973. Baada ya hapo alirudi nyumbani kufundisha na kutafiti. Usiupite haraka uamuzi huo wa kurudi. Maabara za Ulaya zilikuwa na vifaa ambavyo Kinshasa haikuwa navyo, na mtaalamu aliyerudi alijua kwamba angetumia miaka mingi kujenga kile ambacho wenzake wa Leuven walikikuta kipo tayari.

Mistari inayofuata ndiyo inayoonyesha swali. Septemba 1976 serikali ilimtuma Yambuku, kijiji cha kaskazini chenye hospitali ya misheni, ambako watu walikuwa wakifa kwa homa iliyodhaniwa kuwa homa ya matumbo au homa ya manjano. Aliwapima wagonjwa bila glavu, akachukua damu na vipande vya ini kutoka kwa maiti, akaona jinsi palipochomwa sindano palivyokuwa pakivuja damu bila kukoma. Amewaeleza waandishi wa habari mara nyingi kwamba anaamini kunawa mikono kwa maji na sabuni kulichangia yeye kubaki hai. Mtawa mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa mgonjwa alisafirishwa hadi Kinshasa, na damu yake ikapelekwa Ubelgiji ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp iliipokea, kisha sampuli zikaenda kwenye maabara ya Porton Down nchini Uingereza na kwenye kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilichoko Atlanta, ambako ilithibitishwa kuwa ni virusi vipya. Vilipewa jina la mto Ebola.

Ukiendelea kujaza daftari utaona swali lilelile likirudi kwa sura tatu: ugonjwa huu unatambuliwaje mapema, unazuiwaje kusambaa, na aliyeugua anatibiwaje. Mlipuko wa mwaka 1995 katika mji wa Kikwit ni sura ya pili na mwanzo wa ya tatu. Mlipuko wa Beni na Butembo kuanzia mwaka 2018 ni tatu zote kwa pamoja. Mtaalamu ambaye daftari lake linaonyesha swali moja likikomaa kwa miaka arobaini ni wa kuandikwa tofauti na yule aliyeruka kutoka mada hadi mada kufuata fedha za utafiti, hata kama idadi ya makala zao inalingana.

Zisome orodha za waandishi kwa jicho kali

Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo yenye manufaa zaidi, kwa hiyo itengee muda.

Anza kutafuta makala kwenye PubMed, hifadhidata ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, kisha Google Scholar, ambayo hukusanya pia tasnifu, ripoti na majarida madogo. Tafuta jina kwa kila namna linavyoweza kuandikwa. Muyembe anaonekana kama Muyembe JJ, Muyembe-Tamfum JJ, Muyembe Tamfum J, na pengine Tamfum JJ, kwa kuwa mifumo ya kompyuta iliyobuniwa kwa majina ya Kizungu haijui la kufanya na majina ya Kikongo yenye sehemu mbili. Ukitafuta kwa umbo moja tu utapoteza sehemu ya kazi yake na kudhani kwamba hakuiandika. Jambo hilohilo huwapata wataalamu wa Burundi na Rwanda wenye majina marefu, na Watanzania wengi wenye majina matatu ambao leo huandika la pili na kesho wakaliacha. Namba ya utambulisho ya ORCID, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, husaidia pale mtafiti alipojisajili, lakini haiwezi kurudi nyuma kurekebisha makala za miaka ya sabini.

Tafuta pia kwa Kifaransa. Mtaalamu wa Kinshasa, Bujumbura au Lubumbashi ameandika ripoti, mihadhara na makala ambazo injini ya utafutaji haitakuletea kama umeandika maneno ya Kiingereza pekee.

Ukishapata makala, tazama nafasi ya kila jina. Katika sayansi za tiba, mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi na kuiandika, na wa mwisho ndiye aliyeongoza maabara au mradi. Walioko katikati wanaweza kuwa walitoa mchango mkubwa au mdogo, na makala nyingi za siku hizi zina sehemu fupi mwishoni inayoeleza kila mmoja alifanya nini. Isome sehemu hiyo. Inachukua dakika chache na mara nyingi inabadilisha sentensi uliyokusudia kuiandika.

Sasa rudi mwaka 1976. Machi 1977 jarida la The Lancet lilichapisha makala tatu kuhusu virusi vipya, moja kutoka Antwerp, moja kutoka Porton Down na moja kutoka Atlanta. Ukisoma majina ya waandishi wa makala hizo utakuta Wabelgiji, Waingereza na Wamarekani, na hutakuta Mkongo hata mmoja. Mtu aliyeingia wodini Yambuku na kutoka na sampuli mikononi hayumo. Anayepima kazi ya mtaalamu kwa kuhesabu makala angeanza hesabu ya Muyembe na sifuri katika mwaka ambao huenda ulikuwa muhimu kuliko yote katika maisha yake ya kitaaluma. Hili si jambo dogo la kuweka kwenye tanbihi. Kwa miongo mingi sampuli kutoka Afrika zilisafiri kwenda kaskazini na sifa ikabaki huko zilikofika, na mwandishi asiyeliona hilo atalirudia kosa hilo kwa kalamu yake mwenyewe.

Kwa hiyo makala zinapokuwa kimya, tafuta nyaraka za aina nyingine. Kwa mlipuko wa 1976 ipo ripoti ya tume ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 1978 katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Ndani yake utapata idadi rasmi ya wagonjwa 318 na vifo 280, na utapata pia maelezo yanayoufungua mlipuko mzima: kila asubuhi wauguzi wa Yambuku walipewa mabomba matano tu ya sindano kwa ajili ya hospitali yote, nayo yalisuuzwa kwenye maji ya uvuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Jambo moja la namna hiyo humwelimisha msomaji kuliko aya nzima ya sifa.

Masimulizi ya waliokuwepo nayo yana nafasi yake, ila yaweke kando kwa kando. Peter Piot, aliyekuwa kijana katika maabara ya Antwerp, anaisimulia hadithi kuanzia pale chupa ilipofunguliwa. Muyembe anaisimulia kuanzia kitandani kwa mgonjwa. Hawa wawili hawapingani kwa lazima. Kila mmoja anaeleza kipande alichokiona. Kazi yako ni kuviunganisha vipande bila kukifuta kimoja.

Fuatilia wazo moja hadi mwisho wake

Baada ya kuisoma orodha nzima, chagua wazo moja tu na ulifuate hatua kwa hatua hadi uone limefika wapi. Njia hii inaonyesha athari ya kitaaluma kuliko kipimo chochote ninachokijua, na kwa Muyembe wazo la kuchagua ni damu ya waliopona.

Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit. Wagonjwa 315 waliorodheshwa, takriban asilimia 81 wakafariki, na robo hivi ya walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Muyembe aliitwa, akaishuku Ebola kwa kukumbuka aliyoyaona Yambuku, na sampuli zikathibitisha. Mlipuko ulipokuwa ukielekea kwisha, madaktari wa Kikongo waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliokuwa wamepona, kwa wazo kwamba damu hiyo ina kingamwili zinazojua kupambana na virusi hivyo. Saba kati ya wanane walipona. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999 katika toleo maalumu la Journal of Infectious Diseases, toleo ambalo pia lina makala ya Muyembe, akiwa mwandishi wa kwanza, kuhusu namna mlipuko wa Kikwit ulivyogunduliwa na kudhibitiwa. Linganisha na mwaka 1977, uone umbali uliokwishapitwa.

Hapa ndipo waandishi wengi hujikwaa. Saba kati ya wanane ni habari inayosisimua, na kishawishi ni kuandika kwamba Muyembe aligundua tiba ya Ebola mwaka 1995. Usiandike hivyo. Wagonjwa hao hawakuwa na kundi la kulinganishwa nalo, walitibiwa siku ambazo huduma ilikuwa imeboreka, na baadhi yao walikuwa wameshavuka siku za hatari kubwa zaidi kabla ya kuongezewa damu. Katika toleo hilohilo la jarida kuna uchambuzi mwingine uliozingatia umri, jinsia na siku tangu dalili zianze, nao haukupata ushahidi wa kitakwimu kwamba damu ile ndiyo iliyowaokoa. Jifunze kusoma makala pamoja na majirani zake. Mara nyingi pingamizi bora liko kurasa chache mbele. Miaka 20 baadaye jaribio lililofanyika Guinea kwa kutumia plazma, yaani majimaji ya damu, ya waliopona nalo halikuonyesha nafuu kubwa katika kunusuru maisha.

Wazo lingeweza kufia hapo. Halikufa, kwa sababu liligeuzwa kutoka damu nzima kuwa kingamwili moja iliyochaguliwa. Mwaka 2006, miaka 11 baada ya Kikwit, mtu mmoja aliyenusurika katika mlipuko ule alitoa damu. Watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani wakishirikiana na wenzao, akiwemo Muyembe, walipata ndani ya chembe zake kingamwili yenye nguvu, wakaipa jina la mAb114, na mwaka 2016 wakachapisha katika Science kwamba iliwakinga nyani walioambukizwa. Novemba 2018 jaribio la kitabibu lilianza mashariki mwa Kongo, katikati ya mlipuko na katikati ya vita. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne ya dawa. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu dawa mbili zilionekana wazi kuwa bora: katika kundi la mAb114 walifariki asilimia 35.1 ndani ya siku 28, katika kundi la REGN-EB3 asilimia 33.5, na katika kundi la ZMapp, iliyokuwa kipimo cha kulinganishia, asilimia 49.7. Kwa waliofika wakiwa na virusi vichache mwilini, waliofariki katika makundi hayo mawili bora walikuwa takriban mmoja kati ya kumi. Makala ilitoka katika New England Journal of Medicine Desemba 2019, mwandishi wa kwanza akiwa Sabue Mulangu, daktari Mkongo. Desemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha mAb114, na Agosti 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa zote mbili zitumike.

Ukiuandika mnyororo huu, sema waziwazi nani alifanya nini katika kila pingili. Muyembe hakuitengeneza mAb114 peke yake, na wala hahitaji kusemewa hivyo. Aliliona wazo mapema, aliwajua walionusurika na walimwamini, alishiriki kuiunganisha Kinshasa na maabara ya mbali, na taasisi yake ikashiriki kuongoza jaribio mahali ambapo wengi walisema haliwezekani. Huo ni mchango unaoeleweka, na msomaji atauheshimu zaidi kuliko ungeutia chumvi.

Takwimu za kunukuliwa: zitumie kwa kipimo

Sasa unaweza kufungua takwimu. Maarufu zaidi ni faharasa ya h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Hesabu yake ni rahisi. Panga makala za mtafiti kuanzia iliyonukuliwa mara nyingi hadi iliyonukuliwa mara chache, kisha tafuta namba kubwa kabisa ambayo makala za idadi hiyo zimenukuliwa angalau mara hizohizo. Mtu mwenye makala tano zilizonukuliwa mara 40, 22, 9, 4 na 1 ana faharasa ya 4, kwa kuwa makala nne zimefikisha mara nne au zaidi na ya tano haijafika. Ukiwa na kalamu unaweza kuikagua mwenyewe, na ninakushauri uikague, kwa sababu hifadhidata huchanganya watu wenye majina yanayofanana.

Udhaifu wake uueleze kwa msomaji wako. Faharasa huongezeka kwa umri wa kazi, hivyo huwapendelea wakongwe. Haitofautishi mwandishi wa kwanza na wa hamsini. Humpunja mtu mwenye makala chache zilizotikisa dunia. Na katika elimu ya virusi kuna jambo la pekee: kunukuliwa hufuata milipuko. Baada ya Ebola kuzikumba Guinea, Liberia na Sierra Leone kati ya mwaka 2014 na 2016, ikiwa na wagonjwa zaidi ya 28,600, watafiti duniani kote walizirudia makala za Yambuku na Kikwit zilizokuwa zimekaa miaka mingi bila kuguswa sana. Makala hazikuwa bora zaidi kuliko zilivyokuwa mwaka mmoja kabla. Dunia ndiyo iliyokuwa imeamka. Kama unaonyesha grafu ya manukuu, weka alama kwenye miaka ya milipuko.

Usimpime mtu kwa kipimo cha mvuto wa jarida, yaani wastani wa mara ambazo makala za jarida hunukuliwa. Kipimo hicho ni cha jarida, na kinasema machache sana juu ya makala moja au mwandishi mmoja. Azimio la San Francisco lililoandaliwa mwishoni mwa mwaka 2012 linawataka wanaowatathmini watafiti waachane na mazoea hayo, na Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 inasisitiza kwamba takwimu zinapaswa kuisaidia tathmini ya wenye ujuzi, zisichukue nafasi yake, na kwamba utafiti unaogusa mahitaji ya wenyeji ulindwe. Kwa mtaalamu wa Afrika ambaye amechapisha makala yenye manufaa makubwa katika jarida la kikanda, hoja hiyo ina uzito. Muyembe na wenzake walichapisha mwaka 2012 mapitio ya milipuko ya Ebola barani Afrika katika Onderstepoort Journal of Veterinary Research la Afrika Kusini, jarida la tiba ya mifugo ambalo wapenda vipimo wasingelitazama.

Popote unapotaja namba, taja hifadhidata na tarehe uliyoisoma. Google Scholar kwa kawaida hutoa idadi kubwa kuliko hifadhidata za Scopus au Web of Science, na mhariri mwingine akija baada yako na namba tofauti hatajua kama mmoja wenu amekosea.

Tazama alichojenga na aliowafundisha

Kuna athari ambayo hifadhidata haiioni. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Kibayolojia ya Kinshasa, inayojulikana kwa kifupi cha INRB, ilianzishwa mwaka 1984, na Muyembe ameiongoza tangu mwaka 1998. Jiulize swali moja kuhusu kila mlipuko: sampuli ilithibitishwa wapi? Mwaka 1976 na 1995 jibu lilikuwa ng'ambo. Katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 ukiwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, jibu lilikuwa Kinshasa na maabara za muda zilizowekwa karibu na wagonjwa, na wataalamu wa INRB walikuwa wakisoma mfuatano wa vinasaba vya virusi humohumo nchini. Mwaka 2019 Muyembe alitangaza kwamba sampuli za mlipuko ule zitabaki Kongo, na anayetaka kuzichunguza aende huko. Ukiikumbuka ile chupa ya chai, utaelewa kwa nini uamuzi huo unastahili aya yake.

Kwa wanafunzi, tafuta majina ya waandishi wa kwanza katika makala za miaka ya karibuni ambazo mkongwe yumo mwishoni au katikati. Utakutana na Placide Mbala-Kingebeni na Steve Ahuka-Mundeke, ambao sasa wanaongoza tafiti zao wenyewe. Mwaka 2021 Mbala-Kingebeni alikuwa mwandishi wa kwanza wa makala iliyoonyesha kwamba mgonjwa aliyepona Ebola aliugua upya na kuwaambukiza wengine. Na ugonjwa wa mpox ulipozuka Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, wataalamu wa INRB walikuwa miongoni mwa waliotambua kwamba ni tawi jipya la virusi hivyo.

Mahojiano, na mambo yasiyopendeza

Kama unaweza kuhojiana na watu, usiishie kwa profesa. Zungumza na mtaalamu wa maabara, muuguzi, dereva wa gari la wagonjwa, mama aliyemzika mtoto. Wa Beni na Butembo watakuambia kwa Kiswahili safi kwa nini watu walizikimbia timu za Ebola, kwa nini vituo vilishambuliwa, na ni nini kilichobadilika, au kutobadilika, baada ya Muyembe kukabidhiwa uongozi wa mapambano yale Julai 2019. Aliyenusurika usimtaje jina bila ridhaa yake iliyo wazi, na hata akiridhia, mweleze kwamba maandishi ya mtandaoni hayafutiki kwa urahisi. Unyanyapaa wa Ebola huvunja ndoa na biashara.

Yaandike pia yaliyozua ubishi. Aprili 2020 Muyembe alisema mbele ya waandishi wa habari kwamba Kongo ingekuwa tayari kushiriki majaribio ya chanjo ya Covid-19, na hasira zikawaka kwa sababu siku hizohizo madaktari wawili wa Kifaransa walikuwa wamezungumza kwenye televisheni kuhusu kufanya majaribio Afrika. Alitoa ufafanuzi baadaye kwamba chanjo isingejaribiwa Kongo kabla haijajaribiwa kwingine. Eleza alichosema, eleza hofu ya watu na historia iliyoizaa, kisha eleza ufafanuzi wake. Kuliruka tukio hilo ni kumnyima msomaji sehemu ya ukweli.

Kuandika sentensi yenyewe

Sentensi itakayokusumbua ni ile ya ugunduzi. "Muyembe aligundua Ebola" ni fupi mno, na "Ebola iligunduliwa na wanasayansi wa Ubelgiji na Marekani" ni dhuluma. Jaribu hivi: "Muyembe alikuwa miongoni mwa wanasayansi wa kwanza kuwachunguza wagonjwa wa Ebola huko Yambuku mwaka 1976, na sampuli kutoka Kongo zilitumiwa na maabara za Antwerp, Porton Down na Atlanta kuvitambua virusi hivyo." Ni ndefu, lakini kila kipande chake kinaweza kutetewa kwa waraka.

Tuzo ziweke baada ya kazi, kwa ufupi, kila moja ikiwa na mwaka wake na mtoaji wake. Kwa Muyembe inatosha kutaja Tuzo ya Afrika ya Royal Society ya mwaka 2015 na Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi iliyotolewa na Japani mwaka 2019, aliyoipokea kwa upande wa utafiti wakati Francis Omaswa wa Uganda aliipokea kwa upande wa huduma za tiba. Kisha rudi kwenye PubMed siku ya kuchapisha, tafuta jina kwa maumbo yote, na uongeze makala yoyote iliyotoka tangu ulipoanza kuandika.